Kivuli Kifuani mwa Mama Mdogo

Mannheim, Ujerumani Magharibi
17 Februari 1980

Dada Marsela,

Pokea salamu zangu wewe, shemeji Clemensi na watoto. Natumaini barua hii itawakuta salama, na kwamba shemeji bado analiendesha lile greda lake kwenye barabara ya Ngorongoro bila kutumbukia bondeni. Huku theluji imelala kila mahali. Nilidhani ukungu wa pale juu kwetu umenizoesha baridi, kumbe bado. Masomo ya ufundi wa matrekta yanaendelea, na wenzangu ni watu wema. Msalimie Padri Piusi, mwambie mdhamini aliyenipatia anakuja kuniona kila mwezi.

Baba anaendeleaje? Ngano mmevuna vizuri? Kile kikohozi chake cha vumbi kimepona?

Sasa nina neno moja, na nakuomba unijibu hata kama hupendi. Mama alikufa vipi? Najua alitoa damu mdomoni. Hilo kila mtu Rhotia analijua. Nataka uniandikie unayoyakumbuka wewe, uliyoyaona kwa macho. Je, kabla ya siku ile alikuwa akitokwa damu puani? Alikuwa akitweta akipanda kilima? Midomo yake ilikuwa na rangi gani? Na bibi aliyemzaa mama, yeye alikufa na nini?

Usimuulize Baba.

Usinifikirie vibaya. Mimi ni mzima, ila wamenipumzisha kazi kidogo kwa ajili ya baridi hii.

Ndugu yako,
Valeriani


Rhotia, Karatu
29 Machi 1980

Mdogo wangu Valeriani,

Barua yako imefika, Padri Piusi aliileta mwenyewe baada ya misa. Tumefurahi kuona jina lako kwenye bahasha. Sisi tupo. Mvua zimeanza vizuri, maharage yameota. Sukari tumeisahau ladha yake na sabuni ikifika duka la kijiji watu wanapigana vikumbo, lakini tunakula na kulala. Clemensi anakusalimu. Baba kikohozi kimeisha, siku hizi ni magoti.

Valeriani, mbona unaniuliza mambo ya miaka ishirini? Nimekaa na barua yako wiki nzima nikiwa na hasira. Halafu nikaitazama tena, nikaona kitu kingine. Mwandiko wako umelala. Herufi zinateleza kama za mtoto wa darasa la kwanza. Wewe ulikuwa ukiandika vizuri kuliko mwalimu wako. Una nini?

Haya, nakujibu. Mama alikuwa akitokwa damu puani tangu nilipopata akili. Alikuwa akiinamisha kichwa na kuendelea kupepeta ngano. Kuhusu bibi, nilisikia tu kwamba alianguka shambani. Siku ile ya mama ilikuwa mchana wa mavuno. Alirudi na mzigo wa mabua, akakaa mlangoni, akasema amechoka. Mimba yake ilikuwa kubwa. Mama mdogo Hyasinta akamletea uji. Mama akanywa, akakohoa, nikadhani umempalia. Ikaja damu nyekundu yenye povu, ikaja tena, haikukoma. Alinitazama mimi. Ilikuwa imekwisha kabla Baba hajafika kutoka zizini.

Uji ule ndio uliomponza mama mdogo. Unajua walivyosema, kwamba alimtilia dada yake sumu ili aolewe na shemeji yake. Baba na ndugu zake walimtoa kabla ya mazishi, kwa fimbo, watu wakitazama. Akashuka Mang'ola, kule chini kwenye joto. Hapo sitaki kuendelea. Jina lake halitajwi katika nyumba hii.

Niambie ukweli wako.

Dada yako,
Marsela


Mannheim
4 Mei 1980

Dada mpendwa,

Nimeisoma barua yako mara nyingi mpaka imechakaa kwenye mikunjo. Nashukuru. Nawasalimu nyote. Huku miti imechanua na watu wanatembea bila makoti, wanacheka ovyo barabarani kama waliofunguliwa.

Nilikuficha. Mwezi wa Januari nilianguka karakanani. Mkono wa kulia ulilala, mdomo ukapinda, spana ikanitoka. Hospitali walidhani ni kichwa. Siku ya pili nikakohoa damu, ndipo wakanipiga picha ya kifua wakaona kivuli cha mviringo kwenye pafu, kama yai la kwale. Mkono umerudi, lakini kalamu bado inanisumbua.

Daktari wa eksirei ni mama mmoja mrefu, mpole, anazungumza nami polepole ili nimwelewe. Alinichorea. Damu chafu ikifika kwenye mapafu hupita katika vijishipa vidogo mno, kama maji yanayochujwa kwenye kitambaa, ndipo irudi moyoni. Mimi nina mahali ambapo mshipa unaokwenda na mshipa unaorudi imeungana moja kwa moja bila kitambaa. Damu inapita kama mto uliovunja kingo. Likitokea donge dogo linapita nayo mpaka kichwani, ndiyo sababu ya mkono. Na pale ilipoungana, ukuta ni mwembamba. Unaweza kupasuka.

Alisema zamani wangenipasua kifua na kukata kipande cha pafu. Sasa kuna njia mpya, na yeye mwenyewe ameifanya kwa watu wachache tu. Nikakubali. Dada, hawakunilaza usingizi. Walitoboa hapa kwenye kinena, wakapitisha mpira mwembamba ndani ya mshipa, ukapanda ukapita moyoni mpaka pafuni. Nilikuwa nauona kwenye televisheni. Niliuona moyo wangu mwenyewe ukidunda, mweusi. Wakaingiza dawa ya kuonyesha mishipa, nikasikia joto kifua kizima, na ile mishipa ikajitokeza kama mizizi ya mti uliong'olewa.

Halafu wakasukuma ndani ya mpira springi ndogo ya chuma, nyembamba mno, iliyofungwa nyuzi laini. Ndani ya mpira inakaa imenyooka. Ikitokeza tu kwenye mshipa inajikunja yenyewe, inajibana pale pale, na damu inagandia kwenye zile nyuzi mpaka njia inaziba. Waliweka moja, wakangoja, wakaweka nyingine. Mimi ni fundi, nilitaka kuuliza ni chuma gani, lakini waliniambia nisipumue. Wakaingiza ile dawa tena. Mto ulikuwa umekauka.

Kabla ya hapo daktari aliniuliza, "Kwenu kuna mtu aliyekufa kwa kutoa damu mdomoni?"

Nikasema, "Mama."

"Alikuwa mjamzito?"

Nikamuuliza amejuaje. Akasema mimba huongeza damu mwilini, na mishipa ya namna hii hupasuka wakati huo. Akanishika kidevu akanionyesha kwenye kioo vidoadoa vyekundu midomoni mwangu. Akasema ugonjwa huu unashuka katika ukoo, mzazi kwa mtoto.

Unaelewa, Marsela? Uji haukuwa na kitu.

Tangu siku ile namwota mama mdogo. Mama simwoti. Mama mdogo ndiye aliyekuwa akinibeba, kwa hiyo ninachoona ni mgongo wake tu na fundo la kanga. Sura yake siijui. Naita, hageuki.

Nenda Mang'ola ukamwambie. Na wewe mwenyewe ukapimwe.

Valeriani


Rhotia
10 Agosti 1980

Valeriani, mdogo wangu,

Utanisamehe kwa kuchelewa. Nilianza kukujibu mara nyingi nikaacha. Tunakusalimu sote. Tumeshavuna, mwaka huu ngano si haba, mbaazi bado zinakomaa. Ng'ombe wa Clemensi amezaa ndama jike. Umesikia kuhusu mafuta? Magari hayatembei Jumapili alasiri, na hata siku za kazi greda linalala.

Ulipoandika kwamba uliuona moyo wako mwenyewe niliifunga barua nikaiweka ndani ya Biblia. Nilimshukuru Mungu kwamba u hai. Lakini lile la mwisho nilishindwa kulibeba peke yangu, nikamwambia Baba.

Alikuwa anachonga mpini wa jembe. Nikamsomea kuanzia kile kivuli mpaka uji. Hakuacha kuchonga. Nilipomaliza akasema, "Hizo ni picha za Wazungu. Picha haikuwepo siku ile. Mimi nilikuwepo."

Nikasema, "Baba, hata wewe hukuwepo. Ulikuwa zizini. Mimi ndiye niliyekuwepo."

Akainuka akaenda. Alikaa kule kwenye miti ya mpaka hadi jua likazama, na chakula hakula. Tangu hapo hasemi nami ila la lazima. Juzi nilimkuta amesimama mlangoni pale mama alipokaa, anatazama chini, kama mtu aliyedondosha kitu.

Mang'ola sijaenda. Naogopa, nakuambia wazi. Nitamwambia nini? Kwamba tulikosea? Watoto wangu wanamjua kama jina la kutishia.

Kuna jambo jingine, na nilitaka ulisikie baadaye. Nina mimba, imeingia mwezi wa tatu. Na pua yangu inatoka damu tangu Pasaka. Midomoni nina vidoadoa kama unavyosema. Clemensi anataka niende hospitali ya Moshi. Nami naona tungoje kidogo.

Marsela


Mannheim
5 Septemba 1980

Dada,

Hakuna kungoja. Ukishamaliza kusoma hapa, funga kanga uende kwa Padri Piusi aombe gari. Nimemweleza daktari wangu. Amenikalia hapa mpaka nimeandika, na ameweka ndani barua yake kwa madaktari wa Moshi. Wanajua kukufunika tumbo wakati wa kupiga picha. Mama alikuwa na mimba. Wewe una mimba. Sijui niandike nini zaidi.

Mang'ola inaweza kusubiri. Wewe huwezi.

Juzi nilisikia mtu akikohoa ndani ya gari moshi nikashuka kituo ambacho si changu.

V.


Rhotia
28 Oktoba 1980

Mdogo wangu mpendwa,

Kaa chini ndipo usome. Niko salama. Moshi walinipiga picha, wakaiweka kwenye taa, daktari kijana akaitazama upande huu na upande ule, akasema mapafu yangu ni safi. Akamwita mkubwa wake, naye akasema hivyo hivyo. Damu ya puani ninayo ya ukoo, lakini kifuani hakuna kitu. Clemensi alilia mbele za watu. Sikupata kumwona akilia tangu tuoane.

Tulirudi Karatu na ile nguvu ya kuponea. Pale sokoni tukamkuta Inosenti, yule mwenye lori la vitunguu, anashuka Mang'ola. Nikamwambia Clemensi nataka kwenda. Akasema barabara itanitoa mimba. Nikamwambia, basi nikae mbele na wewe panda nyuma. Tukaenda.

Joto la kule linakupiga usoni kama mlango wa tanuri. Mifereji imejaa maji, vitunguu vimetanda mpaka ziwani, watu wa kila kabila. Nilimuuliza mama mmoja wa Kimang'ati kama anamjua Hyasinta, mwanamke aliyetoka juu, Mwiraqw. Akanionyesha kibanda cha mwisho kabisa kwenye mfereji. Akasema, "Yule anayezungumza na dada yake."

Nikamkuta anapalilia. Valeriani, hajafika arobaini na nywele zake ni nyeupe. Midomo ina rangi ya zambarau. Ncha za vidole zimevimba kama vichwa vya njiti za kiberiti. Akapanda tuta dogo kuja kwetu, akasimama, akatweta kama aliyekimbia kutoka Karatu. Alidhani amenitambua kabla sijasema. Akaniita kwa jina la mama, "Antonia." Nikasema, "Hapana mama, mimi ni Marsela, mwanawe." Akanishika tumbo. Akauliza, "Una miezi mingapi?" Kisha akarudi nyuma haraka, akaficha mikono yake kama mtu mwenye ukoma, akasema nisile kitu chake.

Nikamweleza yote. Mshipa, damu, ukoo, picha yako, springi. Nikamwambia uji haukuwa na kitu.

Nilidhani atalia, au atatulaani. Aliinama akang'oa gugu moja. Mwishowe akasema, "Mimi nilijua kwamba sikutia sumu. Lakini waliposema nimemla, nikafikiri labda mtu anaweza kuwa na kitu kibaya ndani yake, kikatoka bila yeye kujua. Kwa hiyo sikuolewa. Sikumshika mtoto wa mtu."

Miaka yote hii, Valeriani. Peke yake.

Halafu akasema kwamba mama humjia. Si usiku. Huja mchana, wakati wa kumwagilia, anakaa ukingoni mwa mfereji na ile mimba yake, hasemi kitu. Mama mdogo humsimulia mambo ya siku. Humwomba msamaha. Aliniambia hivyo bila haya, kama unavyosema jirani hupita kukusalimu.

Nilimwomba aende Moshi akapigwe picha. Akasema atafikiri.

Aliniuliza kuhusu wewe. "Yule mtoto wangu mzito bado anang'ang'ania shingo?"

Marsela


Rhotia
14 Desemba 1980

Valeriani,

Sijapata jibu lako lakini siwezi kungoja. Salamu za Noeli kwako, na tumbo langu sasa linatangulia mlangoni kuliko mimi.

Mama mdogo alikwenda Moshi. Inosenti alimpandisha mpaka Karatu na Padri Piusi akampeleka. Wamekuta kivuli, kikubwa kuliko chako, na kingine kidogo pembeni yake. Daktari alisema wanaweza kumpasua, lakini amedhoofu, na chuma kama chako hawana. Mama mdogo akasema hapana, hapasuliwi. Akaomba kitu kimoja tu, wampe ile picha.

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwa Baba nikimfulia. Nikamwona mama mdogo akipanda kile kilima chetu. Anatembea kidogo, anasimama, anatembea tena, na bahasha kubwa ya kahawia ameikumbatia kifuani. Baba alikuwa kwenye kigoda uani. Alimjua. Nilimwona anashika goti kutaka kuinuka, akashindwa.

Mama mdogo hakusalimia. Akaitoa ile picha nyeusi akainyanyua kuelekea jua mbele ya macho yake. Akasema, "Tazama, shemeji. Hiki ndicho kilichomuua dada yangu. Na mimi ninacho."

Baba alitazama. Akapeleka kidole mpaka kwenye ule mviringo lakini hakuugusa. Akauliza, "Hizi ni mbavu?"

"Ni mbavu zangu. Uliupiga huu, na huu."

Nilisimama na nguo mkononi, maji yakinitiririkia miguuni.

Baba akasema, "Ingia ndani, Hyasinta."

Akasema, "Siingii. Nilitolewa mbele ya watu. Ukitaka niingie, waite."

Baba hakumwita mtu. Ungemwona. Nilitaka kumhurumia nikashindwa, nikataka kumchukia nikashindwa. Mama mdogo alingoja kwa muda, akairudisha picha bahashani, akashuka kilima. Nikamfuata nikampeleka kwangu, akalala siku mbili akarudi Mang'ola kwenye vitunguu vyake.

Tangu siku ile Baba anauliza kila anayepita, fulani yu hai? Na fulani? Wale ndugu zake waliokuwepo. Wengi wamekufa. Anataja majina yao kwa sauti hata akiwa peke yake uani, na watoto sasa wanaogopa kumpelekea chai.

Dada yako,
Marsela


Mannheim
20 Januari 1981

Dada mpendwa,

Barua zako mbili zimenifikia wiki moja. Heri ya mwaka mpya kwenu. Nilikimbia nazo hospitali bila kofia.

Nimemtafsiria daktari kila neno. Aliposikia kuhusu vidole na midomo alitikisa kichwa, akasema mgonjwa huyo ameishi kwa bahati. Kisha akaniambia, aje. Yeye na wenzake watamtibu, na Padri Piusi akiandika, mdhamini wangu atashughulikia safari. Springi zile hazihitaji kifua kupasuliwa, hata mtu aliyedhoofu anaweza kuvumilia. Atakuwa macho kama mimi nilivyokuwa. Nitamshika mkono na kumweleza kila kinachoonekana kwenye televisheni, asiogope.

Nimeshamtafutia chumba. Mama mwenye nyumba wangu anafuma sweta, aliniuliza mabega ya mama mdogo yana upana gani nami nikamjibu nayajua vizuri, maana hicho ndicho ninachokumbuka.

Mwambie namngoja. Mwambie yule mtoto mzito anamngoja. Mwombe akubali kabla mvua hazijaharibu barabara.

Namfikiria Baba pia. Sijui nimwandikie nini. Nimeanza "Baba" nikaishia hapo.

Valeriani


Rhotia
22 Machi 1981

Valeriani, mdogo wangu,

Mungu ametujalia mtoto wa kiume, tangu mwezi uliopita. Clemensi amempa jina la baba yake, Patrisi. Ni mzima na ana sauti. Kuzaa hakukuwa rahisi, lakini damu haikuzidi, na mkunga alikuwa ameonywa. Mama mdogo ndiye aliyekuwa ameshika mgongo wangu. Nitakueleza alifikaje.

Mwishoni mwa Januari, misa ilipokwisha, Baba alisimama nje ya kanisa akawaomba watu wasiondoke. Alikuwa ameegemea fimbo. Clemensi alikuwa amemleta mama mdogo, akakaa mbali kidogo kwenye ukuta. Wa siku ile waliobaki hai walikuwa wachache, na wengine waliosimama pale ni wana wao. Baba alisema, "Mke wangu Antonia aliuawa na ugonjwa. Huyu hakumtilia kitu. Mimi ndiye niliyempiga wa kwanza, nanyi mkanifuata kwa sababu nilikuwa nalia. Namwomba arudi nyumbani kwangu, nanyi mshuhudie." Mzee mmoja akaondoka amekasirika. Wengine wakaja kumpa mama mdogo mkono, na yeye aliutazama kila mkono kwanza kabla ya kuupokea.

Akaingia ndani. Akala. Baba alimwekea kigoda chake mwenyewe. Kesho yake alimpeleka kaburini, maana hakupata kuliona. Akakaa kwangu mpaka nikajifungua, na siku ya kwanza nilipomwekea Patrisi mapajani alificha mikono yake mpaka nikaishika nikaiweka juu ya mtoto. Baadaye alizoea, akawa hampi mtu mwingine.

Nilimsomea barua yako. Nilimsomea chumba, sweta na mabega. Alicheka, akasema usimpe yule mama kipimo cha zamani, amekonda. Nilifurahi nikadhani amekubali. Nikamwambia Padri Piusi aanze kuandika.

Lakini wiki hii alianza kufunga mzigo wake. Nikamuuliza kama anakwenda kuaga Mang'ola kabla ya safari ya Ulaya. Akasema anakwenda kukaa.

Nikamwambia, "Mama, mshipa ule utapasuka. Umeona picha."

"Nimeona."

"Valeriani anakungoja."

"Mwambie namshukuru. Mwambie aje yeye, nimwone alivyokuwa mkubwa."

Nilikasirika, Valeriani. Nilimpigia kelele, mimi, mtu mzima niliyetoka uzazini. Nikamuuliza anataka afe kama mama tukimtazama? Akanivuta akanikalisha karibu naye. Akasema kwamba tangu siku ile alipochukua picha Moshi, mama hajaja. Alipokwenda Mang'ola mwezi wa Desemba alimwagilia kila siku, akatazama ukingo wa mfereji, hakuna mtu. Alifikiri labda amemfuata Rhotia, kaburini, kwangu kwenye mtoto. Hakumwona popote.

"Mmenisafisha," akasema, "nami nashukuru. Lakini miaka yote nilikuwa na dada yangu. Hana kwingine kwa kunitafuta ila pale. Nikienda huko kwa Wazungu, akija asinikute?"

Leo asubuhi Inosenti amempitia, akapanda mbele, na Baba alisimama barabarani mpaka lori lilipopotea kwenye vumbi. Nimekuandikia kama alivyosema. Mwambie daktari wako kwa maneno unayoweza.

Dada yako,
Marsela